Stima Ikipotea Usiku wa Baridi: Kaa Salama, Kaa na Joto

Baridi ya Julai hapa Milimani, Nakuru, haihitaji kuelezwa. Tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jua likishatua unatafuta sweta. Stima nayo ikipotea saa hiyo, fanya hivi:

1. Angalia kwa jirani kwanza. Kama kwake taa zinawaka, huenda ni yuniti zako zimeisha. Nunua tokeni kupitia paybill 888880. Nambari ya akaunti ni nambari ya mita yako. Utatumiwa tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Kama mtaa wote uko giza, ripoti Kenya Power kwa *977# au piga 97771. Huduma ya *977# haihitaji bando.

2. Usilale na jiko la makaa ndani. Hapa ndipo watu hupoteza maisha. Makaa yakiwaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hata makaa yasiyo na moshi huitoa, na ukiwa usingizini hutajua. Jiko libaki nje. Mkianza kuumwa na kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, hasa wote kwa pamoja, tokeni nje mara moja na mpige 999 au 112. Jenereta pia ikae nje, mbali na madirisha.

3. Tunza joto mlilo nalo. Kusanyikeni chumba kimoja, mfunge mapazia, na mweke kitambaa chini ya mlango. Chemsha maji jikoni, uyajaze kwenye thamosi na chupa ya kuweka miguuni, ukiifunika kwa taulo ili isichome. Vaa nguo kadhaa badala ya moja nzito. Watoto na wazee washughulikiwe kwanza. Tumia tochi, mshumaa na mapazia haviendani.

4. Linda chaji na pesa. Punguza mwangaza wa skrini na uzime data. Nunua tokeni mapema, si usiku wa manane ukiwa na chaji asilimia mbili.

5. Chunga matapeli. Mtu akikupigia akidai ni fundi, eti tuma pesa kidogo kwa nambari yake ndio stima irudi, kata simu. PIN yako usimpe yeyote, hata akisema ametoka kwetu. Sisi hatuulizi PIN.

Mtumie jirani ujumbe huu kabla stima haijapotea, hasa yule anayeingiza jiko ndani kila jioni.