SOMO LA AFYA: FIGO MPYA INATAKA KUANGALIWA



Hapa Kisii na Nyamira, mtu akihitaji kuwekewa figo, boma zima hutikisika. Harambee inaitwa, ng'ombe anauzwa, na ndugu mmoja anatoa figo yake. Mgonjwa anapelekwa Kenyatta huko Nairobi, au Moi kule Eldoret. Akirudi, watu husema kazi imekwisha. Bado! Tumeona mtu akikosa kliniki kwa ajili ya nauli tu.

Figo mpya iko wapi?
Huwekwa chini ya tumbo, kulia au kushoto. Zile za zamani mara nyingi huachwa pale pale. Kwa vile mpya haiko ndani sana, altrasaundi huiona vizuri. Hii ni ile skani wanayoijua akina mama wajawazito. Hutumia mawimbi ya sauti, siyo miale kama eksirei, na haiumizi.

Skani inaonyesha nini?
1. Njia ya mkojo ikiziba, figo huonekana imevimba.
2. Maji, damu, usaha au mkojo uliokusanyika kando ya figo.
3. Mwendo wa damu. Mshipa ukiwa mwembamba au damu ikiganda ndani yake, figo inaweza kufa upesi.

Lakini skani haisemi yote. Kujua kama mwili unaikataa figo, daktari hupima damu, na pengine huchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano, akiongozwa na skani hiyo hiyo.

Usingoje siku ya kliniki ukiona:
mkojo umepungua, miguu au uso umevimba, homa, maumivu penye figo, au presha imepanda. Na zile dawa ni za kila siku. Usiziache hata ukijisikia mzima, wala usichanganye na miti shamba bila kumwuliza daktari.

Kikundi kifanye nini?
Pesa ya harambee isiishie kwa operesheni. Tengeni mfuko wa nauli, dawa na vipimo. Katibu aandike tarehe za kliniki, na mmoja wenu amsindikize mgonjwa.

Msamaria Mwema hakumfikisha mgonjwa kwenye nyumba ya wageni akamsahau. Aliacha pesa za kumtunza, akaahidi kurudi.

Maswali ya kujadili
1. Katika kijiji chetu, nani amekosa kliniki, na kwa nini?
2. Kila mwezi tunaweza kuweka pesa ngapi kando?