Upatanisho wa Mahali: Siku Moja katika Mto Sio

Tuanze na kifungu kilichotokana na safari ya wanachuo wetu katika Mto Sio, ambao sehemu yake ya chini ni mpaka wa Kenya na Uganda.

Kivukoni palikuwa na mitumbwi mitatu. Tuliingia katika ule mkubwa. Humo mlikuwa mmekwisha kuketi wazee wawili na mtoto wa miaka sita aliyekuwa akipelekwa kwa nyanya yake. Mama yake alibaki ukingoni. Nahodha akausukuma mtumbwi kwa upondo, mafunjo yakatuzinga, na kule tulikotoka hakukuonekana tena. Mchana mtumbwini mliingia maji, tukayachota kwa kopo.

Katika kifungu hiki, pa- inaonyesha mahali mahususi panapojulikana (kivukoni palikuwa), ku- inaonyesha eneo pana au lisilo dhahiri (kule hakukuonekana), na mu- inaonyesha ndani (mtumbwini mliingia). Mwanachuo akishazikariri kanuni hizi hudhani kazi imekwisha. Sisi pia tulidhani hivyo.

Saa nane mchana mama wa mtoto yule alituma ujumbe kuuliza hali ya mwanawe. Mwanachuo mmoja kutoka Tororo akamjibu: “Usijali, mama, mtoto yumo mtoni.” Alikusudia kusema kwamba safari inaendelea salama. Mama alielewa kwamba mwanawe yumo ndani ya maji. Tulipompigia simu, majirani wawili walikuwa wamekwisha kushusha mtumbwi kumtafuta.

Kosa lilitoka wapi? Mwanachuo yule ni Mteso, na Kiteso, kwa kuwa si lugha ya Kibantu, hakina ngeli hizi. Alitegemea tulichomfundisha darasani, nasi tulikuwa tumemwambia tu kwamba “mu- ni ya ndani”. Mama naye ni Msamia. Kisamia ni Kibantu, na mu- ya ndani imo katika lugha yake ya nyumbani, hivyo aliusoma ujumbe kama ulivyoandikwa. Darasani Busia utawapata wanafunzi wa aina zote mbili katika dawati moja. Usiwasahihishe kwa maelezo yaleyale.

Linganisha:

Mtoto yupo mtoni. (Yupo pale hasa tunapopajua.)
Mtoto yuko mtoni. (Yuko upande huo, mahali hasa hapatajwi.)
Mtoto yumo mtoni. (Yumo majini.)
Mtoto yumo mtumbwini. (Ndilo jibu lililohitajika.)

Kiambishi -mo, basi, hakitazami nomino peke yake. Kinatazama ni kitu gani kinachomzunguka anayetajwa. Kamongo yumo mtoni, abiria yumo mtumbwini.

Makosa mengine tunayoyakuta mara kwa mara ni mtumbwini yetu (badala ya mtumbwini mwetu), kwenye mtoni (kwenye mto au mtoni, si vyote viwili) na Majanjini. Majina mahususi ya mahali kwa kawaida hayachukui -ni, lakini hupatanishwa kimahali: Majanji kuna wavuvi, Tororo pana mwamba mkubwa.

Zoezi

1. Sahihisha: “Ndani ya mtumbwini yake ilikuwa na samaki.”
2. Tunga sentensi tatu kwa neno sokoni, ukitumia pa-, ku- na mu-. Eleza msikilizaji atakutafuta wapi kwa kila sentensi.
3. Andika upya ujumbe wa mwanachuo kwa namna mbili ambazo zisingemtisha mama.