Judo ya Simu au ya Mkeka: Bukavu Uanzie Wapi?

Mega za intaneti zipo, video za judo zimejaa kwenye simu, na kila moja inakuahidi kuwa bingwa. Je, unaweza kujifunza judo peke yako nyumbani? Sehemu yake unaweza, ila si ile ya mwanzo.

Judo huanza kwa kujifunza kuanguka, yaani ukemi. Ukitupwa chali, bana kidevu kifuani ili kisogo kisiguse chini, kisha piga mkeka kwa mkono mzima, kiganja chini. Video itakuonyesha vizuri sana, lakini haitakuona ukijiegemeza kwenye kiwiko, na hapo ndipo watu huumia. Maître, yaani mwalimu wa judo, anaona papo hapo na kukurekebisha. Kwa hiyo osoto-gari, ule mtupo wa kumfagia mtu mguu kwa nyuma, usiujaribu na mdogo wako kwenye sementi ya uani. Anayetupwa hivyo anaweza kutangulia kisogo. Na kukabana shingo bila mwalimu pembeni, hapana kabisa.

Ni mwalimu yeyote tu? La. Popole Misenga, mzaliwa wa Bukavu, alikimbia vita akiwa mtoto, akajifunza judo Kinshasa, na mwaka 2016 akashinda pambano lake la kwanza kwenye Olimpiki ya Rio, akiwa katika timu ya wakimbizi pamoja na Yolande Mabika, naye wa Bukavu. Misenga huyohuyo alisimulia kwamba zamani, akishindwa, makocha walimfungia na kumnyima chakula. Kushindwa kwake hakukuwapa haki hiyo.

Basi ulizia mashuleni na kwenye kumbi za parokia, Ibanda, Kadutu au Bagira, kisha nenda ukatazame zoezi moja kabla hujajiandikisha. Angalia kama kuna mikeka, kama wanapasha mwili moto kwanza, na kama mtu akipiga-piga mkono kuomba aachiwe, anaachiwa mara moja. Mwalimu anayemkataza mzazi kuingia kutazama, mwache. Muulize pia alipimwa wapi alipopata mkanda wake mweusi.

Gharama ni zipi? Ada ya mwezi, kimono, na pesa ya mtihani wa mkanda; wengine huongeza leseni ya mwaka. Uambiwe zote siku ya kwanza, kwa franka au kwa dola, na udai risiti. Kimono usikikimbilie: uliza kama klabu inaazima. Ukinunua, kisiwe cha karate, maana kitambaa chake ni chepesi na judo ni kuvutana nguo, kitachanika.

Video zina kazi yake baada ya zoezi. Tafuta mtupo uleule uliofundishwa wiki hii, punguza mwendo hadi nusu, na utazame miguu kabla ya mikono: mguu wa kusimamia umewekwa wapi, umeelekea wapi. Usipoelewa, hifadhi video hiyo kwenye simu, umwonyeshe maître kabla zoezi halijaanza.