Rula Haijui Rika

KIJANA: Tasi wa sentimita 20 ana umri gani, Mzee?

MZEE: Swali la kila mtu, na limekaa vibaya. Rula hupima urefu, haijui rika. Samaki waliozaliwa siku moja hawalingani: yupo aliyeshiba, yupo aliyenyimwa. Ukichora idadi kwa urefu, rika moja hutokea kama nundu, na nundu za marika jirani hupandana. Wa sentimita 20 anaweza kuwa mkubwa wa rika dogo au kibete wa rika kubwa. Mtaalamu wa samaki Petersen wa Denmark alikuwa akizisoma nundu hizo tangu miaka ya 1890. Kupima na kuchora, hayo unayajua.

KIJANA: Nayajua. Basi nikate penye bonde kati ya nundu mbili?

MZEE: Ukate kama muwa? Bondeni ndiko walikochanganyika zaidi! Njia aliitoa mtakwimu Bhattacharya mwaka 1967. Tuseme rika moja, likipangwa kwa sentimita mbilimbili, lina samaki 5, 20, 40, 40, 20, 5. Gawanya kila idadi kwa iliyoitangulia: 4, 2, 1, nusu, robo. Kila jibu ni nusu ya lililopita. Chukua logi za majibu hayo: zinashuka kwa mstari mnyoofu. Ile 1, ambayo logi yake ni sifuri, imeangukia katikati ya zile 40 mbili. Hapo ndipo wastani wa rika.

KIJANA: Kwa hiyo mstari ukikata sifuri...

MZEE: Ndipo wastani. Kanuni irudiwe, maana wengi huisahau: mstari mnyoofu unaoshuka ni rika moja. Logi zikianza kupanda tena, rika jingine limeingia. Anza na wadogo, ambao hawajachanganyika sana. Toa idadi yao, kisha uendelee na masalio. Na usipime wanono waliopangwa juu ya fungu tu. Mchuuzi anayepanga hivyo humpunja mnunuzi mmoja. Mpimaji anayepima hao tu huipunja bahari nzima.

KIJANA: Nikipata mistari mitatu, basi ni miaka mitatu.

MZEE: Lahaula! Ni marika matatu. Tasi wa pwani ya Kenya huzaa zaidi ya msimu mmoja kwa mwaka, kwa hiyo marika mawili huweza kupishana miezi tu. Nao wakubwa, ukuaji wao ukishapungua, nundu zao huungana, mstari usionekane. Ukitaka umri wenyewe, pasua kichwa, toa kijiwe cha sikio, hesabu pete.