Somo la Lugha: Kitenzi "Look" na Vineno Vinavyokifuata

Katika toleo hili tunajifunza kitenzi kimoja cha Kiingereza: "look", yaani tazama. Tumewakusudia hasa ndugu zetu wa Chula na visiwa vingine vya Wabajuni, ambao wengi wao tangu vita vya mwaka 1991 wamehamia Kenya na ng'ambo, ambako taarifa za polisi aghalabu huandikwa kwa Kiingereza.

Kiswahili hugeuza maana kwa kunyumbua mwisho wa kitenzi: tazama, tazamia, tazamana. Kiingereza hukiacha kitenzi kama kilivyo, kikaweka kineno nyuma yake. Kineno hicho ndicho kibebacho maana.

1. "Look for" ni kutafuta.
2. "Look after" ni kutunza.
3. "Look into" ni kuchunguza.
4. "Look out!" ni onyo: Jihadhari!

Tuchukue mfano. Mvuvi hajarejea kutoka baharini, na nduguye amefika kituoni. Akisema, "Look for my brother", askari ataelewa kwamba kuna mtu aliyepotea. Akisema, "Look after my brother", askari aweza kudhani kwamba mtu huyo amekwisha kupatikana na ahitaji uangalizi tu. Kosa ni la kineno kimoja, lakini muda upoteao hapo ni wa mtu aliye majini.

Nanyi mkiambiwa, "We will look into it", msidhani mmefukuzwa. Ni ahadi kwamba jambo litachunguzwa. Ombeni nambari ya taarifa yenu kabla ya kuondoka, ili mpate kuifuatilia.

Zaidi ya hayo, asiyekijua Kiingereza asibahatishe. Nchini Kenya, Kiswahili ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2010 chataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na kifungu cha 50 humpa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo. Kuomba mkalimani si aibu.

Zoezi. Jazeni kineno kinachofaa:

(a) "Please look ...... my child. She did not come home."
(b) "My neighbour will look ...... the house until I return."
(c) "Look ......! A car is coming."

Majibu: (a) for, (b) after, (c) out.

Wasomeeni somo hili wazee na watoto nyumbani.