TUCHAGUE IPI: WINDOWS AU LINUX?

Tarakilishi bila mfumo endeshi ni kama matatu bila dereva: injini ipo, viti vipo, lakini haiendi popote. Mfumo huu ndio unaoamrisha kumbukumbu, diski, kipanya na programu zote. Wengi wetu tunaijua Windows tu. Lakini sisi wanafunzi wa kutwa, tunaorithi mashine kuukuu, yafaa tujue kwamba kuna hiari.

Kwanza tuitazame Windows ya kampuni ya Microsoft. Uzuri wake ni kwamba imezoeleka. Ukienda saiba utaikuta. Pia, ukitengeneza hifadhidata kwa Microsoft Access, huna budi kuwa nayo, maana Access haina toleo la Linux. Ubaya wake ni gharama. Leseni huuzwa, na wengi huishia kutiliwa nakala za magendo zinazoweza kuja na virusi. Isitoshe, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64 na kinga iitwayo TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Je, tuzitupe?

La hasha! Hapa ndipo Linux inapoingia. Kiini chake kiliandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Hulipi hata ndururu, na msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Kwa anayejifunza kuandika programu, hiyo ni shule nyingine. Toleo moja, Ubuntu, lilianza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni la Kibantu, ndugu wa neno letu "utu". Ndani yake lugha ya Python huwemo tayari. Insha utaandika kwa LibreOffice, ambayo hufungua faili za Word, ingawa mpangilio wa ukurasa huweza kuvurugika kidogo.

Nyumbani kwetu tuna mashine ya gigabaiti 2 aliyoiacha kaka. Nimeitilia Lubuntu, ndugu mwepesi wa Ubuntu, na jioni hufanyia humo mazoezi ya Python bila shida.

Basi, ushauri wangu ni huu. Kazi ikidai Access, tumia Windows. Mashine ikiwa kuukuu, au ukitaka kujifunza kuandika programu bila gharama, jaribu Linux. Lakini usikurupuke! Nakili faili zako kwanza mahali pengine. Kisha iwashe Linux kutoka kwenye flashi, uone kama intaneti na sauti zinafanya kazi, kabla ya kufuta chochote.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mashine hiyo kuukuu uliyo nayo huenda ndiyo itakayokufanya mwandishi wa programu.