Kumlisha Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo

Mwezi huu tunazungumzia watoto wenye mtindio wa ubongo. Ubongo wa mtoto huyu uliumia akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka yake ya kwanza. Sababu ni kama vile kuchelewa kulia baada ya kuzaliwa, manjano makali ya mtoto mchanga, malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Si laana, wala hauambukizi.

Sisi wauguzi huwapokea watoto hawa wodini wakiwa na kichomi. Mara nyingi mtoto alilishwa akiwa amelala chali, chakula kikapita njia ya hewa na kuingia mapafuni. Kichomi cha namna hii huua, lakini familia yaweza kukizuia nyumbani.

Tufanyeje?

1. Mkalishe wima, nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa. Kichwa kielekee mbele kidogo, kisianguke nyuma. Asiyeweza kuketi apakatwe, au fundi seremala amtengenezee kiti chenye egemeo.

2. Mpe uji mzito au chakula kilichopondwa kikalainika. Maji na uji mwepesi hukimbia kooni kabla hajawa tayari kumeza.

3. Tumia kijiko kidogo. Weka chakula katikati ya ulimi, ngoja ameze, ndipo uongeze. Usimmiminie, na kamwe usimbane pua ili ameze.

4. Kwa kuwa huchoka upesi, mlishe kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku. Ongeza mafuta au karanga zilizosagwa laini ili apate nguvu.

5. Akimaliza, msafishe kinywa, naye abaki wima kwa nusu saa.

Mleteni hospitali lini?

Akipaliwa au kukohoa kila mlo, akikoroma kama mwenye maji kooni, au uzito ukipungua. Akipumua haraka au akiwa na homa, msingoje kesho. Kama anatumia dawa za kifafa, msizikatishe bila ushauri wa daktari.

Mlo mmoja waweza kuchukua saa nzima, na mama akiwa peke yake huchoka, akaanza kuharakisha. Kwa hiyo baba, bibi, kaka na dada, na majirani wa jumuiya, njooni naye kliniki. Tutawaonyesha namna ya kumpakata na kumlisha, kila mmoja ajaribu mbele yetu.